Je, Wajua? Kanisa Liitalo kwa Ubao
Je, wajua kwamba mjini Yerusalemu, katika mtaa wa Waarmenia, limo kanisa kuu la karne ya 12 ambalo waumini wake huitwa kusali kwa ubao ugongwao kwa nyundo, kwani zamani za utawala wa Kiislamu kengele zilikatazwa? Ubao huo ungali umetundikwa ukumbini. Ndani, nuru hushuka kutoka madirisha ya kuba, na kandili tele za mafuta huning'inia kwa minyororo. Ni kanisa la Mtakatifu Yakobo mwana wa Zebedayo, aliyeuawa kwa upanga kwa amri ya Herode Agripa, na kichwa chake, kwa itikadi ya Waarmenia, kimezikwa humo. Lililo zuri mno ni kikanisa cha ubavuni: mna mawe matatu, ya Sinai, ya Tabori na ya mto Yordani, ili hujaji asiyejaliwa kufika huko ayaguse hapa.