Skuta ya Stima: Ipite Wapi?

Mwezi uliopita tulitembelea kikundi kimoja cha akina mama na wazee ambacho tumekijua tangu walipoanza na kuku kumi na wawili. Sasa wana kisima, wana akiba, na wanakopeshana. Katika mkutano huo lilisomwa ombi la mkopo ambalo hata sisi wageni lilitushinda kujibu. Mtoto wa mwanachama mmoja anakaa Nairobi, na kazi yake ni kupeleka vifurushi vya wateja madukani na maofisini. Nauli ya matatu inammaliza. Alimwomba mama yake amkopee kwenye kikundi shilingi 40,000 anunue skuta ya stima.

Wengine walisema kijana apewe, kwani kikundi ni cha nini kama si kuinua watoto wetu? Mweka hazina akakataa katakata. Mama huyu anatembea na mkongojo tangu mwaka 2022, alipogongwa na pikipiki huko mjini akiwa amesimama mahali ambapo watu wa miguu huambiwa wasimame. Akasema, "Mimi sikuvuka barabara. Barabara ndiyo ilinifuata." Watu wakanyamaza. Halafu mwenyekiti akatugeukia: nyinyi watu wa ofisi mnasemaje? Tukaomba tupewe muda, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza tuelewane tunazungumza juu ya chombo gani. Zile pikipiki za stima ambazo bodaboda wengine wameanza kuzitumia si hizi. Skuta tunayoisema ni ubao mwembamba wa kusimamia, wenye gurudumu dogo mbele na lingine nyuma, chuma kirefu kinachobeba usukani, na betri ambayo kwa kawaida imefichwa chini ya ubao. Mtu anasukuma kidogo kwa mguu, anabonyeza kwa kidole gumba, nayo inaondoka. Aliyewahi kufika Goma akaona chukudu za mbao zikibeba magunia, apunguze ukubwa, atoe mzigo, atie mota: hiyo ndiyo skuta. Nyingi zina uzito wa kilo 12 mpaka 20, kwa hivyo mtu anaweza kuibeba mpaka ghorofani. Hainywi petroli, haitoi moshi. Kwa kijana anayehesabu kila shilingi si jambo la kudharau, na hatukubaliani na wale waliocheka ati ni mchezo wa watoto.

Shida yake ya kwanza iko kwenye gurudumu. Kila mmoja wetu amesukuma wilbaro. Ikijaa mchanga na gurudumu likikuta jiwe, wilbaro inasimama ghafla na wewe unaendelea mbele. Baiskeli ya Black Mamba ina gurudumu la inchi 28, na jiwe hilohilo inalipanda. Gurudumu la skuta mara nyingi ni inchi 8 au 10 tu. Shimo ambalo baiskeli inalipita kwa mtikisiko, skuta inatumbukia. Tena mwenye skuta amesimama wima, uzito wake wote uko juu, hana kiti. Skuta ikisimama, yeye hasimami. Na nyingi zinaweza kwenda kilomita 25 kwa saa, nyingine zaidi. Mwendo huo wa kilomita 25 ni sawa na ule anaoufikia mtu akianguka kutoka urefu wa mita mbili na nusu, yaani kama mtu aliyeteleza kutoka ukingo wa paa. Kinachotangulia mara nyingi ni kichwa na mikono. Kwa hivyo helmeti si pambo hapa, ijapokuwa wengi wanaoziendesha hawavai.

Shida ya pili inamhusu yule asiyepanda. Kilomita 25 kwa saa ni karibu mita 7 kila sekunde. Mtu anayetembea anakwenda mita moja na kitu. Mtoto akichomoka nyuma ya kibanda cha mahindi, mwenye skuta akishtuka kwa sekunde moja tu kabla ya kushika breki, tayari amepita mita saba, na breki bado haijaanza kazi. Halafu chombo chenyewe kimya. Sisi huku tumezoea kwamba pikipiki inasikika tangu mtoni, na mzee anajua kusogea. Skuta inakuja kama paka. Asiyeona, ambaye macho yake ni masikio, hana habari mpaka imempitia ubavuni. Huko Uingereza mashirika ya wasioona yamelalamika sana juu ya jambo hili, na pia juu ya skuta zinazoachwa zimelala katikati ya njia, fimbo nyeupe ikajikwaa hapo.

Tulitafuta mahali ambapo jambo hili limejaribiwa kwa bidii, tukaona Singapore. Nchi hiyo ni kama mji mmoja mkubwa, na skuta zilipendwa sana, hasa na vijana wa kupeleka chakula. Serikali yao haikulala. Ilitunga sheria kwamba skuta isizidi kilo 20, isizidi kilomita 25 kwa saa, kila moja iandikishwe na kupewa namba. Ziliruhusiwa kupita kwenye njia za miguu, na Februari 2019 mwendo kwenye njia hizo ukashushwa hadi kilomita 10 kwa saa. Kwenye karatasi hakuna kilichokosekana. Lakini ni nani atakayesimama kila kona na kipimo? Septemba 2019 mama wa miaka 65 aliyekuwa akiendesha baiskeli aligongana na skuta, na baada ya siku chache akafariki. Watu wakasema imetosha. Tarehe 5 Novemba mwaka huo skuta zikapigwa marufuku kwenye njia zote za miguu, na tangu Januari 2020 anayekamatwa anaweza kutozwa faini hadi dola 2,000 za huko, au kufungwa hadi miezi 3, au yote mawili.

Sasa angalieni hesabu hii. Njia za miguu za Singapore wakati ule zilikuwa karibu kilomita 5,500. Njia za baiskeli, ambazo skuta ziliruhusiwa kuendelea kuzitumia, zilikuwa kilomita 440. Barabarani pamoja na magari hazikuwa na ruhusa tangu mwanzo. Yaani kijana aliyelala na kazi aliamka na chombo kisicho na mahali pa kupita. Vijana hao walijaa kwa wabunge wao kulalamika, wakisema walinunua kwa sheria, wakaandikisha kwa sheria, na sasa wale nini? Serikali pamoja na kampuni za chakula zikatenga dola milioni 7 za kuwasaidia wabadilishe vyombo, na mtu aliweza kupata hadi dola 1,000 akichukua baiskeli ya stima. Sisi tunaona msaada huo ulikuwa wa haki. Walionunua hawakuwa wahalifu, na aliyefariki naye hakuwa na kosa la kuwa pale. Kosa lilikuwa la zamani zaidi: vyombo viliruhusiwa kwa maelfu kabla ya kuulizwa vitapita wapi.

Paris, Ufaransa, walipita njia nyingine wakafika karibu palepale. Kule skuta zilikuja mwaka 2018 kwa kukodishwa. Unaikuta kando ya barabara, unalipa kwa simu, unakwenda nayo, unaiacha popote. Kitu cha kukodi hakina mchungaji. Zilitupwa milangoni, njiani, nyingine mtoni. Watu walizipanda wawili wawili. Juni 2021 mwanamke mmoja kutoka Italia aligongwa kando ya mto Seine na skuta iliyobeba watu wawili, akafa. Mji, ambao ulikuwa umekwisha kupunguza kampuni zikabaki tatu, ukapunguza mwendo, na mwisho ukapiga kura tarehe 2 Aprili 2023. Katika kila watu 100 waliopiga kura, 89 walikataa. Ni kweli waliojitokeza hawakufika hata 8 katika kila 100 walioandikishwa, lakini ndio waliokwenda. Mwisho wa Agosti 2023 skuta 15,000 za kukodi zikaondolewa. Mwenye skuta yake mwenyewe bado anaruhusiwa, ila akipanda kwenye njia ya miguu faini ni euro 135.

Kuna jambo moja ambalo kikundi hakikuliuliza, na tunaona tulitaje: betri. Betri hizi za lithiamu zikiharibika, au zikitiwa chaji kwa chaja isiyo yake, zinaweza kulipuka moto mkali unaokua kwa dakika chache. Julai 2019, hukohuko Singapore, mtu mmoja alikufa nyumba yake ya ghorofani ilipoungua, na ndani yakakutwa mabaki ya skuta tatu. Wengi wa vijana wetu mjini wanaishi chumba kimoja chenye mlango mmoja. Skuta huegeshwa wapi? Mlangoni, maana ndiyo nafasi iliyobaki. Na hutiwa chaji lini? Usiku, watu wamelala. Ikishika moto, mlango ndio unaoungua kwanza. Kwa hiyo asilale ikiwa kwenye plagi, isiwekwe kati ya kitanda na mlango, na betri iliyoanguka vibaya, kuingia maji au kufura isitiwe chaji tena hata kama bado inawaka. Skuta ya mtumba ya bei rahisi itazamwe hapo kwanza kabla ya rangi.

Turudi kwa kijana wetu. Nairobi watu wengi huenda kazini kwa miguu, na mwaka baada ya mwaka wanaokufa zaidi katika ajali za barabara hapa Kenya ni hao watembeao. Sheria ya trafiki ilirekebishwa mwaka 2012 ikakataza magari kupanda kwenye njia ya miguu ili kukwepa msongamano. Sote tunajua bodaboda wangapi wanaikumbuka saa kumi na moja jioni. Akiingia na skuta kwenye njia ya miguu anamletea mtu mwingine yale yaliyompata mweka hazina. Akiingia barabarani na magurudumu ya inchi 8 kati ya matatu na malori, yeye ndiye mnyonge. Palipobaki ni njia ya baiskeli, na hiyo ipo barabara nyingine na nyingine haipo, au ipo na imejaa mitumba.

Kwa hivyo hatukukiambia kikundi kikubali wala kikatae. Tulipendekeza kijana aulizwe jambo moja tu: atembee kwa miguu njia yake ya kazi yote, mwanzo mpaka mwisho, kisha aandike kila kipande, skuta ingepita wapi bila kupanda kwa watu wa miguu na bila kuingia kati ya magari makubwa. Hakuchukia. Jumapili mbili alitembea, akatuma karatasi mbili kwa mama yake. Kwa hesabu yake, kati ya kilomita tisa alipata kama mbili na nusu. Mahali pengine ameandika tu "hapa hakuna", na mahali pamoja "hapa hata mimi mwenyewe niliogopa".

Chini ya karatasi ya pili alibadilisha ombi. Sasa anaomba shilingi 14,000 za baiskeli ya magurudumu makubwa, yenye sanduku nyuma, na helmeti. Anasema itakuwa polepole, itamchosha, lakini mahali pabaya atashuka aisukume. Kikundi kilikubali siku hiyohiyo. Mweka hazina alihesabu pesa mwenyewe, na kabla ya kuzitoa akauliza kama ina kengele.