MWENZETU ANAPOUGUA SARATANI



Napenda kuzungumza nanyi wanafunzi juu ya maradhi ambayo wengi hudhani ni ya wazee tu. Saratani huwapata vijana pia. Ipo ya damu, ipo ya tezi, ambayo aghlabu huanza kwa uvimbe usiouma shingoni, na ipo ya mfupa, ambayo hutokea sana karibu na goti wakati kijana anarefuka. Huyu wa goti huambiwa kaumia mpirani, akachuliwa mafuta miezi, na huku uvimbe unakua.

Fahamuni kwamba saratani haiambukizi. Kula naye sinia moja na kukaa naye jamvi moja hakuna dhara. Wala si alama ya dhambi: Nabii Ayyub (A.S.) alipewa mtihani wa maradhi, naye ni Mtume wa Allah. Anayemnong'oneza kijana wa miaka 16 kwamba amerogwa humwongezea ugonjwa wa pili, na wengine hutolewa hospitali katikati ya tiba kwa maneno hayo. Kisomo kina nafasi yake na dawa ina yake. Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliwaamrisha Masahaba wajitibu.

Tiba ni ndefu. Saratani ya damu huweza kutibiwa zaidi ya miaka miwili. Kwa hapa Tanzania watoto wengi hutibiwa Muhimbili, na mionzi hutolewa Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza. Dawa za dripu, ziitwazo kemotherapi, huua chembe zinazozaliana upesi, nazo hazichagui. Ndiyo maana nywele hupukutika na mdomo hufanya vidonda. Nywele kwa kawaida huota tena tiba ikisha. Kubwa zaidi ni kupungua chembe nyeupe za damu, hasa wiki ya kwanza na ya pili baada ya dripu, mwili ukabaki bila askari. Basi mwenye mafua au kikohozi asiende kumzuru, apige simu. Na mgonjwa akipata homa apelekwe hospitali saa ile ile, hata usiku wa manane. Asipewe Panadol akaambiwa asubiri asubuhi.

Katika Sahihi Bukhari imo habari ya kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimtumikia Mtume (S.A.W.). Alipougua, Mtume alikwenda kumzuru, akakaa karibu na kichwa chake. Nanyi kaeni karibu, lakini wawili au watatu, si darasa zima. Msimhadithie jirani aliyekufa kwa maradhi hayo hayo (wako watu hawana hadithi nyingine!). Mpelekeeni daftari la masomo aliyokosa, mwombeni akusikilizeni juzuu mliyohifadhi, mtanieni kama zamani. Kijana huchoka kuitwa "masikini" kuliko anavyochoka na sindano. Akitaka kunyamaza, nyamazeni naye. Picha yake asiye na nywele msiirushe kwenye makundi ya simu, hata kwa nia ya kumwombea dua, mpaka mwenyewe aridhie. Na nyinyi wasichana, mazungumzo ya "nani atamwoa" yaacheni. Wako waliopona wakaoa, wakaolewa na wakazaa. Baadhi ya dawa huweza kudhuru uzazi, na hilo wazazi wamwulize daktari kabla tiba haijaanza.

Mwenzenu akishabaleghe, swala bado ni juu yake, na hapa wengi hutaabika bure. Asiyeweza kusimama huswali ameketi, na asiyeweza kuketi huswali amelala. Kutapika, kwa madhehebu yetu ya Shafii, hakuvunji udhu, ila matapishi ni najisi, ayaoshe. Daktari akisema maji yatamdhuru, atatayamamu. Ramadhani atakula na kulipa akipona, na ambaye kupona kwake hakutarajiwi atatoa kibaba kwa kila siku. Msimtazame vibaya akinywa maji mchana.

Wagonjwa hawa huhitaji damu mara kwa mara. Kaka na dada zenu waliofika miaka 18 na uzito wa kilo 50, wakiwa wazima, wanaweza kutoa, na wanachuoni wengi wa zama hizi wamejuzisha. Waulizeni leo nyumbani.