Udongo, Vinasaba na Dawa Tusizozijua Bado

Mgonjwa wa kifua kikuu amezapo kidonge chenye rifampisini, ni nadra akumbuke kwamba asili ya dawa hiyo ni udongo. Mwaka 1957 watafiti wa Milan, Italia, walichunguza bakteria aliyetoka katika udongo wa kusini mwa Ufaransa. Kemikali alizozitoa ndizo zilizoboreshwa hata ikapatikana rifampisini. Streptomaisini nayo iligunduliwa mwaka 1943, New Jersey, Marekani, kutokana na bakteria wa udongo.

Watafiti hao waliotesha bakteria katika sahani za maabara, kama tufanyavyo hospitalini kwa mkojo au usaha. Lakini bakteria wengi wa udongo hawakubali kuota humo. Mwaka 1990 Vigdis Torsvik na wenzake wa Norway walipima vinasaba, yaani DNA, vilivyotolewa moja kwa moja katika udongo wa msitu. Utofauti wake ulilingana na wa aina 4,000 hivi za bakteria, takriban mara 200 ya wale waliooteshwa kutoka udongo uleule.

Siku hizi kazi hiyo huanza na udongo kidogo tu. Seli za bakteria huvunjwa ili zitoe DNA, nayo husafishwa kwa uangalifu, kwa kuwa asidi zitokanazo na mimea iliyooza huzuia kipimo cha PCR. Kisha jeni iitwayo 16S, ambayo kila bakteria anayo lakini kwa mpangilio wake, hurudufishwa kwa PCR na kusomwa herufi kwa herufi. Njia hii ina mipaka: DNA ya bakteria waliokufa nayo husomeka, na kumjua bakteria kwa jina si kuijua kazi yake.

Kwa hiyo wengine huzitafuta jeni zinazotengeneza dawa. Mwaka 2018 kundi la Sean Brady, New York, lilitangaza malasidini, kemikali iliyofikiwa kwa kusoma DNA ya udongo bila kumwotesha bakteria mwenyewe. Iliangamiza stafilokoka sugu katika majeraha ya panya. Lakini kutoka panya hadi binadamu ni safari ndefu.

Udongo huohuo hubeba pia jeni za usugu, maana bakteria atoaye sumu hana budi kujikinga nayo. Jeni za namna hiyo zaweza kuhamia kwa vimelea vya magonjwa, na kila antibiotiki itumiwayo bila sababu huwapa nafasi vimelea walio nazo.

Basi, mhudumu wa afya, usiandike antibiotiki kwa mafua. Na inapowezekana, peleka sampuli maabara kwanza. Nawe mgonjwa, usiazime vidonge vya jirani, wala usikatishe dozi bila kumwuliza aliyekuandikia. Hazina iliyo ardhini bado ni kubwa, lakini kuichimba huchukua miaka. Dawa tulizo nazo leo ndizo za kutuvusha hadi hapo.