Betri inauzwa, kipimo hakina bei

Kwenye maduka ya spea za pikipiki ya Kariakoo jijini Dar es Salaam, ya Kirinyaga Road jijini Nairobi na ya Kisekka jijini Kampala, betri ndogo ya volti 12 haikai mbali na mkono wa muuzaji. Wateja wake hawaishi, na wengi wao si wageni. Ni dereva yuleyule aliyenunua miezi michache iliyopita, amerudi na malalamiko yaleyale: betri haishiki chaji, stata inagonga mara moja kisha kimya, honi imefifia, indiketa haziwaki. Anauziwa nyingine. Ile ya zamani inawekwa kwenye rundo la chakavu, na ugonjwa ulioiua unaondoka na pikipiki kwenda kuua ya pili.

Hasara hii inazuilika, na inatokana na namna tunavyolipana. Betri ina bei, rektifaya ina bei, koili ya magneto ina bei. Dakika 10 za fundi kupima hazina bei. Mteja hakubali kulipia kazi ambayo mwisho wake anaambiwa betri yako ni nzima, na fundi wa kijiweni analijua hilo. Kipato chake ni kufunga kifaa kipya na kile cha juu kidogo anachopewa na duka alikompeleka mteja. Asipouza kifaa, siku imepotea.

Soko lenyewe limekua pamoja na bodaboda. Kenya iliondoa VAT kwenye pikipiki za chini ya cc 250 mwaka 2008, Tanzania ikatunga kanuni za leseni za usafirishaji wa pikipiki na bajaji mwaka 2010, na tangu hapo Boxer na TVS za India pamoja na Haojue, SanLG na nyingine za China zimejaa vijiweni. Nairobi kuna kiwanda cha Associated Battery Manufacturers, Kampala kuna Uganda Batteries, lakini betri ndogo za pikipiki kwa sehemu kubwa huingia kwa kontena kutoka Asia. Ziko za kujazwa asidi na ziko zilizofungwa zisizohitaji maji. Zote zikitunzwa zinaweza kudumu miaka miwili, mitatu, na zaidi. Kwa dereva anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, bei ya betri moja ni hesabu ya siku kadhaa. Akinunua tatu kwa mwaka, hilo ni pengo.

Vijiweni betri hupimwa kwa kupiga shoti. Fundi anakata kipande cha waya, anagusisha chanya na hasi, na cheche ikiwa kubwa anasema betri inayo, ikiwa ndogo anasema imekufa. Kipimo hiki ni kibaya. Betri iliyobakiwa na nusu ya chaji hutoa cheche ya kuridhisha, na shoti yenyewe inaumiza sahani za risasi zilizomo ndani, mbali na hatari ya kumlipukia fundi usoni kwa sababu betri inayochaji hutoa gesi ya haidrojeni.

Mita ndogo ya kupimia umeme, ile ya nyaya nyekundu na nyeusi inayouzwa madukani humohumo kwa bei ya chini kuliko betri yenyewe, inajibu swali kwa hatua chache. Pikipiki ikiwa imezimwa na imepumzika saa kadhaa, betri iliyojaa husoma volti 12.6 hadi 12.8. Ikisoma 12.4 inahitaji chaji. Ikisoma 12.0 au chini ya hapo imekwisha, ila kuisha chaji na kufa ni mambo mawili, na hapa ndipo fedha za dereva zinapopotea. Ichajiwe taratibu, ipumzike usiku kucha, ipimwe tena. Ikishika 12.6 asubuhi na isishuke chini ya volti 10 hivi wakati stata inazungusha injini, betri ni nzima na tatizo liko kwingine. Ikisoma 10.5, kuna uwezekano mkubwa kwamba seli moja kati ya sita imekufa. Hiyo ndiyo ya kubadilisha.

Kisha injini iwashwe na mita ibaki palepale kwenye betri. Fundi akivuta mafuta mpaka mzunguko wa kati, namba inapaswa kupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, betri haipewi chakula: koili ya magneto imeungua, au rektifaya imekufa, au, kama inavyotokea mara nyingi, ile soketi ya plastiki inayounganisha viwili hivyo imeyeyuka na waya mmoja haugusi. Wakati mwingine ni athi tu, boliti iliyoshika kutu kwenye fremu kwa sababu ya maji ya kuoshea na, huku pwani, chumvi ya hewani. Kusugua kwa msasa kunatosha. Namba ikipita 15, rektifaya imeacha kuzuia na betri inachemshwa: maji yanakauka, ubavu unavimba, taa zinaungua mara kwa mara. Dereva mwenye pikipiki ya namna hii atanunua betri mpya hata mara nne, na zote zitakufa.

Pikipiki nyingi ndogo huchukua moto wa plagi moja kwa moja kutoka kwenye magneto, kwa hiyo dereva huendelea na kazi kwa kiki hata betri ikiwa imekufa. Wapo wanaoitoa kabisa. Lakini betri ndiyo inayotuliza mfumo mzima. Ikiondoka, umeme unapanda na kushuka na mzunguko wa injini, na balbu, mita za dashibodi na rektifaya yenyewe vinalipa. Kuokoa bei ya betri kwa njia hiyo ni kuhamishia deni kwenye kifaa kingine.

Mbali na betri iliyokufa na mfumo usiochaji vizuri, kundi la tatu la ugonjwa limeongezeka pamoja na mikopo. Pikipiki za mkopo hufungwa GPS ili kampuni ijue ziliko, na kifaa hicho hunyonya umeme usiku na mchana, ufunguo ukiwa umetolewa au la. Ongeza alamu, redio, chaja ya simu na taa za LED zilizoungwa na fundi wa mtaani moja kwa moja kwenye betri bila kupitia swichi. Hesabu yake ni rahisi. Betri ya ampea-saa 5 ikinyonywa miliampea 20 hukauka ndani ya saa 250, yaani kama siku 10. Ikinyonywa miliampea 50, ni siku 4. Dereva akiugua malaria wiki moja, akirudi anakuta pikipiki imezimika na anaambiwa betri ni feki. Kipimo cha unyonyaji huu ni kuzima kila kitu, kuondoa waya wa hasi, kupitisha mita ikiwa kwenye miliampea kati ya waya huo na betri, kisha kuchomoa kifaa kimoja kimoja hadi namba ianguke. Mikataba ya mikopo hueleza kwa urefu adhabu ya kuchezea GPS. Haki inataka ieleze pia nani anagharamia betri iliyonyonywa na kifaa ambacho dereva haruhusiwi kukigusa.

Maduka nayo yana mchango wake. Betri ya kujaza asidi inapaswa, baada ya kujazwa, kuachwa itulie kama nusu saa kisha ichajiwe kwa mkondo mdogo, sehemu ya kumi ya uwezo wake: nusu ampea kwa betri ya ampea-saa 5, kwa saa kadhaa. Kaunta haina muda huo. Asidi inamiminwa, mifuniko inabanwa, mteja anaondoka. Betri hiyo inaanza maisha ikiwa haijajaa, na bodaboda ya mjini yenye safari fupi, foleni na stata kila dakika chache haitaijaza kamwe. Risasi yake inajenga ukoko wa salfeti unaogandamana, na uwezo unapungua kila wiki. Nyingine huchajiwa mtaani kwa mashine ya betri za lori, ikaungua kabla ya jioni. Na maji yakipungua wapo wanaoongeza asidi badala ya maji safi ya betri, jambo linalokula sahani. Risiti huwa imeshaandikwa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Gharama ya betri zinazotupwa kabla ya wakati haiishii mfukoni mwa dereva. Betri chakavu ina risasi, na risasi ina soko. Owino Uhuru, Mombasa, watu wanajua inavyofanya inapoyeyushwa karibu na makazi. Baada ya kampeni iliyoongozwa na Phyllis Omido, aliyepewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, mahakama ya mazingira na ardhi iliamuru mwaka 2020 wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya kwa sumu iliyotoka kwenye kiwanda cha kuchakata betri. Kila betri nzima inayohukumiwa kwa cheche ya waya inaongeza mzigo kwenye mkondo huohuo.

Kigali kuna somo kwa upande wa biashara. Kampuni za pikipiki za umeme kama Ampersand hubaki na umiliki wa betri, dereva hubadilisha tu kituoni. Betri ni za lithiamu, teknolojia nyingine kabisa, lakini tazama nani anapima: ni mwenye mali, na hupima kila betri inaporudi kituoni, kwa sababu ikifa mapema hasara ni yake. Kwenye betri za kaunta anayeuza hapati hasara betri ikifa, anapata mauzo.

Hospitalini tulishakubaliana kwamba si kila homa ni malaria, na kabla ya dawa kuna kipimo kinacholipiwa. Gereji inaweza kufanya vivyo hivyo: ada ndogo ya kupima, ikatwe kwenye bei mteja akinunua kifaa, na karatasi yenye namba tatu, volti ya betri ikiwa imepumzika, volti ya kuchaji na miliampea zinazonyonywa. Vyama vya madereva vyenye vikoba na mifuko ya kusaidiana vinaweza kununua mita moja kwa kijiwe kizima na kumlipa fundi mmoja kwa mwezi. Duka litakalokuwa la kwanza mtaani kuichaji betri kabla ya kuikabidhi, na kutoa dhamana ya miezi 6 kwa mteja mwenye karatasi hiyo, litauza betri chache kwa kila dereva. Litapata madereva wengi zaidi.