Anayetufungulia Mlango

Kila Alhamisi saa kumi na mbili jioni chama chetu hukutana katika chumba cha mikutano cha idara. Anayetufungulia mlango ni mama mmoja kutoka Bukavu, msafishaji wa jengo. Mara ya kwanza tulipomwamkia "Shikamoo, mama" alicheka, akajibu "Jambo sana", na tangu siku hiyo tumejifunza kwake Kiswahili kisichomo katika vitabu vyetu. Mwezi Februari, baada ya karamu ndogo ya chama, tulimbakishia sambusa. Alizifunga vizuri kwenye karatasi. "Hizi nitakula ndani ya basi," alisema. Akitoka kwetu anakwenda kwenye kazi yake ya pili, ghalani.

Hapo ndipo tulipoanza kuulizana: inakuwaje mtu amalize saa zake za kazi chuoni kisha alazimike kutafuta kazi nyingine ya usiku? Jibu tulilolisikia mara nyingi lilikuwa fupi. Huu ni mji wa mishahara midogo, na chuo kinalipa kama mji unavyolipa.

Likizo ya machipuko ilitupeleka Memphis, Tennessee, kutembelea makumbusho ya haki za raia yaliyo kwenye Lorraine Motel, mahali alipouawa Martin Luther King tarehe 4 Aprili 1968. Wengi wetu tulijua kifo hicho. Wachache tu tulikumbuka kwamba King alikuwa amekwenda Memphis kwa ajili ya mshahara wa wazoa taka. Tarehe 1 Februari mwaka huo, wazoa taka wawili, Echol Cole na Robert Walker, walijikinga na mvua nyuma ya gari la taka, mashine ikawasaga. Siku kumi na moja baadaye wenzao wapatao 1,300 waligoma. Walikuwa na kazi ya kutwa, lakini wengi wao walilipwa kidogo kiasi cha kuhitaji msaada wa serikali. Mgomo ulimalizika tarehe 16 Aprili kwa nyongeza ya mshahara na chama chao kutambuliwa.

Kumbukumbu za mgomo huo, karatasi na picha zake, zimehifadhiwa katika maktaba ya University of Memphis. Lakini nusu karne baadaye, wafanyakazi wa chuo hicho hicho nao walikuwa wakidai mshahara wa kutosha kuishi, dola 15 kwa saa.

Tuangalie kwa nini madai kama hayo ni magumu Tennessee. Jimbo hilo halina kima chake cha chini cha mshahara. Kinachotumika ni kile cha serikali ya Marekani, dola 7.25 kwa saa, ambacho hakijaongezwa tangu Julai 2009. Piga hesabu: kwa saa 40 kwa wiki ni dola 290, na kwa mwaka mzima ni dola 15,080 kabla ya kodi. Kwa dola 15 ingekuwa 31,200. Mji ukitaka kuwaamuru waajiri binafsi walipe zaidi, sheria ya jimbo ya mwaka 2013 inauzuia. Wafanyakazi wa vyuo vya umma wana chama chao, United Campus Workers, lakini chuo hakilazimishwi na sheria kukaa nacho mezani kujadili mshahara.

Mlango uliobaki ulikuwa wa mfuko. Mwaka 2019 Lee Harris, meya wa Kaunti ya Shelby, ambaye aliwahi kufundisha sheria katika chuo hicho, alitumia kura ya turufu kupinga fungu la dola milioni 1 lililokusudiwa kituo cha kuogelea cha chuo. Sababu yake ilikuwa kwamba si wafanyakazi wote wa chuo waliokuwa wakilipwa dola 15. Uongozi wa chuo ulijibu kwamba una mpango wa kufika huko hatua kwa hatua. Mtu anaweza kubishana na njia aliyoitumia meya. Sisi tulichojifunza ni kwamba swali la mshahara wa mfagiaji liliingia katika bajeti, mahali ambapo haliwezi kujibiwa kwa salamu na tabasamu.

Kwa hiyo tumerudi tukiwa na shaka na lile jibu fupi. Chuo si mpangaji tu katika mji. Ni mmoja wa waajiri wake wakubwa, na kinacholipa kinasikika kwenye hoteli, hospitali na maghala ya jirani. Kikisema kinafuata bei ya mji, kumbe nacho ni miongoni mwa wanaoipanga bei hiyo.

Tunajua fedha hazioti mtini, na kwamba mishahara hutoka katika karo zetu na kodi za wananchi. Tunajua pia kwamba baadhi ya walimu wanaotusomea makala hii wameajiriwa kwa mikataba ya muhula mmoja mmoja. Suala hili haliishii kwenye ufagio.

Mama wa Bukavu, kwa mujibu wa karatasi, hata si mwajiriwa wa chuo. Ameajiriwa na mkandarasi. Tulipomweleza kwamba tunataka kuandika, alituomba tusimtaje jina, kisha akauliza kama tumekwisha kula.

Tumekubaliana mambo mawili. Kwanza, chumba tutakifagia wenyewe kila Alhamisi kabla ya kutoka. Hilo ni adabu tu, wala halimwongezei senti. Pili, tumeuandikia uongozi barua yenye swali moja: mtu anayelipwa kidogo kuliko wote katika majengo haya, wakiwemo wa mkandarasi, anapata kiasi gani kwa saa? Jibu tutakalopewa tutalichapisha katika toleo lijalo. Tusipojibiwa, tutachapisha barua yenyewe.