Gazeti Mlangoni mwa Gereza

Mfungwa akinyimwa gazeti aweza kushitaki? Nchini Marekani aweza, ila kushinda ni kazi nyingine.

Mwaka 1987, katika kesi ya Turner dhidi ya Safley, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisema mfungwa hapotezi haki zake zote za kikatiba. Lakini kanuni inayozibana itasimama iwapo ina uhusiano wa maana na kazi halali ya gereza, kama vile ulinzi.

Kipimo hicho ni chepesi kwa bwana jela. Huko Pennsylvania, wafungwa waliohesabiwa wakaidi kupita wote walinyimwa magazeti, majarida na picha za jamaa zao. Vitabu vya dini na sheria waliachiwa. Wakuu wa gereza walieleza kwamba kunyimwa huko kungewafundisha adabu. Mwaka 2006, katika kesi ya Beard dhidi ya Banks, Mahakama ilikubali. Jaji John Paul Stevens alipinga, akisema hoja hiyo haina mpaka.

Nami naungana naye. Kama gazeti ni tuzo ya adabu njema, ni haki ipi itakayosalimika?