Kueleza Hitilafu ya Kiendelezi na Kukusanya Kumbukumbu Zake

Wanafunzi kadhaa wa vyuo vikuu huandika tasnifu zao kwa LaTeX ndani ya kihariri kiitwacho Visual Studio Code, wakisaidiwa na kiendelezi LaTeX Workshop. Siku moja mwanafunzi hubonyeza amri ya kutengeneza PDF, na PDF haitoki. Tarehe ya kuwasilisha kazi i karibu. Aghalabu huwaandikia watengenezaji wa kiendelezi sentensi moja tu: «Haifanyi kazi.» Sentensi hiyo ni ya kweli, ila haina habari ndani yake. Atakayeisoma yuko bara jingine, pengine anajitolea bila malipo, na hawezi kuiona kompyuta ya mlalamikaji. Kinachoweza kumwonesha yaliyotokea ni kumbukumbu, yaani maandishi ambayo programu hujiandikia yenyewe inapofanya kazi.

Neno tunalotumia hapa si geni kwa Kiswahili. Wanamaji wa pwani walikuwa na batli, kifaa cha kupimia mwendo wa chombo, na jina la kifaa kama hicho ndilo Waingereza walilolihamishia kwenye daftari la safari, na baadaye kwenye kompyuta. Tarehe 9 Septemba 1947 wahandisi wa kompyuta Mark II, katika Chuo Kikuu cha Harvard, walimkuta nondo amenasa ndani ya mashine, wakambandika kwenye daftari lao la kazi. Kuiita hitilafu «mdudu» kulikuwako kabla ya hapo. Ndiyo sababu waliona kichekesho. Lakini linalotufaa sisi ni jambo jingine: waliandika saa, mahali na kilichoonekana. Donald Knuth naye, aliyeanza kuitunga TeX mwaka 1977, aliweka orodha ya makosa yake mwenyewe katika programu hiyo, akaichapisha mwaka 1989. Waliomwonesha kosa aliwapa hundi ya dola 2.56, kiasi kilichopandishwa hatua kwa hatua baadaye.

Kabla ya kukusanya chochote, hapana budi kuuliza ni nani aliyekosea. Katika mfano wetu wako watatu. Kuna kihariri chenyewe. Kuna kiendelezi, kinachoendeshwa katika mchakato wa peke yake ili kikianguka kisikiangushe kihariri. Na kuna TeX, programu ya nje ambayo kiendelezi huiita tu. Kila mmoja ana kumbukumbu zake. Katika kidirisha cha matokeo cha kihariri utaona orodha ya kuchagua: humo LaTeX Workshop ina sehemu yake, na mkusanyaji wa LaTeX ana sehemu yake. TeX nayo huacha faili yenye kiishio .log karibu na hati. Mstari unaoanza kwa alama ya mshangao ndio kosa, na unaofuatia wenye herufi l, nukta na tarakimu hutaja mstari wa hati. Ikiwa kosa ni amri uliyoiandika vibaya, usimlaumu mtengenezaji wa kiendelezi. Amekufikishia tu ujumbe. Jihadhari pia na jambo moja linalowapotosha wengi: kwa kawaida TeX hukata mistari ya kumbukumbu baada ya herufi 79, hivyo njia ndefu ya faili huonekana imevunjika vipande viwili ilhali ni nzima.

Ukishaona kwamba TeX ikiitwa peke yake inafanya kazi, yafaa uvizime viendelezi vingine. Kihariri kina amri ya kufanya hivyo kwa kugawanya nusu kwa nusu: huzima nusu ya viendelezi, hukuuliza kama hitilafu ingalipo, kisha hugawanya tena nusu inayoshukiwa. Penye viendelezi 32 maswali matano yanatosha kumpata mkosaji. Halafu punguza hati. Tasnifu ya kurasa 200 haimsaidii mtu. Mistari kumi inayoleta hitilafu ileile inamsaidia sana. Tena jaribu kuihamishia hati kwenye folda yenye jina fupi. Nafasi tupu na herufi kama é au ç katika njia ya faili zimesumbua zana nyingi za LaTeX, na kwetu Kongo, ambako kompyuta nyingi zina majina ya Kifaransa, sababu hiyo isisahaulike.

Sasa ndipo kumbukumbu zikusanywe. Kihariri huandika kwa kiwango cha kawaida, yaani habari za jumla na makosa. Katika orodha ya amri, inayofunguliwa kwa F1, kuna amri ya kubadili kiwango, kuanzia ukimya kabisa hadi kuandika kila hatua. Viendelezi vingine hufuata kiwango hicho, vingine vina mpangilio wao wenyewe. Soma maelezo ya kiendelezi chako. Pandisha kiwango, funga kihariri, kifungue upya, sababisha hitilafu mara moja tu, kisha simama. Anayeendelea kubonyeza huku na huku huizika dalili chini ya maelfu ya mistari. Amri nyingine hukufungulia folda ya kumbukumbu, ambamo kila kipindi cha kazi kina folda yake yenye jina la tarehe na saa.

Kuhusu saa, andika ulipoiona hitilafu kwa namna ya kumbukumbu zenyewe: 10:00, wala si saa nne asubuhi. Taja na mji, kwa kuwa Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa. Ujumbe wa kosa unakiliwe kama ulivyo, hata kama ni wa Kifaransa. Msomaji wa jarida hili hupenda kutafsiri, lakini hapa tafsiri hudhuru, maana mtengenezaji hutafuta maneno yaleyale ndani ya msimbo wake. Kwa sababu hiyohiyo nakili maandishi, usipige picha ya skrini.

Kumbukumbu husema mengi kuliko mwenyewe anavyodhani. Zina jina lako la mtumiaji, majina ya folda, pengine vipande vya hati, na katika viendelezi vinavyowasiliana na mitambo ya mbali, funguo za kuingilia. Zisome kabla ya kuzituma. Badilisha jina kwa neno lolote, lakini tumia neno hilohilo kila mahali, na usifute mistari mizima, kwani mfuatano wake ndio ushahidi. Ufunguo uliokwisha kutumwa usihesabiwe kuwa siri tena. Ubatilishe siku hiyohiyo.

Ripoti yenyewe iwe fupi: toleo la kihariri, la kiendelezi, la TeX na la mfumo endeshi, hatua ulizofuata kwa mpangilio, ulichotarajia, kilichotokea, hati ile ya mistari kumi, na kumbukumbu katika faili moja iliyobanwa, kwani megabaiti kwetu ni ghali. Tafuta kwanza kama mwingine ameshaeleza hitilafu hiyo, umwongezee yako. Ukishatuma, kirudishe kiwango cha kumbukumbu kilivyokuwa, la sivyo kihariri kitaendelea kuandika kila hatua na kuijaza diski yako.